Jiwe Tulilolisubiri Nyuma ya Nyumba

Mume wangu ni fundi wa maboti. Alizaliwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi, akavuka kuja Burundi wakati wa vita akiwa kijana mwenye nyundo moja na randa ya baba yake. Tangu siku hizo ameunganisha mbao hapa Rumonge mpaka hajui tena ni maboti mangapi yanayoelea ambayo mikono yake iliyapitia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilizaliwa Tanzania, katika makazi ya wakimbizi wa Burundi, nikarudi nikiwa mtu mzima katika nchi niliyokuwa nimeijua kwa masimulizi ya mama tu. Watu wa hapa wakinisikia nikizungumza husema, "Huyu ni wa Tanzania." Wakimsikia mume wangu husema ni Mukongomani. Sisi wenyewe nyumbani tunaitana Fundi na Mwalimu, na watoto walikua wakidhani kila mume na mke huitana kwa kazi zao.

Macho ya Fundi hayakuharibika kwa siku moja. Yalianza na penseli. Alilalamika kwamba penseli za siku hizi hazina rangi, zinapita kwenye ubao bila kuacha kitu. Nikamletea penseli ya shule, akasema ni zile zile. Akahamia kwenye chaki, halafu kwenye mkaa. Jioni moja tulikuwa tumekaa nje, akainua uso, akasema, "Siku hizi nyota zimepungua." Nikatazama juu. Mbingu ilikuwa imejaa. Usiku ule sikupata usingizi mzuri.

Mganga wa zahanati alisema ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, na kwamba kuna madaktari wanaokuja hospitali ya mkoa kuwapasua watu wa namna hiyo. Fundi hakutaka kusikia. Alisema kisu hakina njia ya kuingia kwenye jicho na kutoka salama. Akaacha kazi pole pole, akisingizia mgongo. Vijana aliowafundisha wakaendelea kutengeneza maboti, na yeye akawa anaenda ufukoni kukaa nao na kugusa mbao kwa vidole ili awaambie wapi wamekosea.

Kilichomgeuza ni wavu. Asubuhi moja alipita mahali wavuvi walipokuwa wametundika wavu mweusi juu ya mti ukauke, akasimama mbele yake, akavua kofia, akasema, "Amahoro, mzee." Akasubiri ajibiwe. Vijana walicheka mpaka wakakaa chini, naye akacheka pamoja nao, maana si mtu wa kununa. Lakini jioni, tulipokuwa tunakula, akaniambia bila kunitazama, "Uliza wale baganga banakuja lini."

Walimpasua jicho la kulia kwanza. La kushoto walisema lingoje. Kesho yake muuguzi alipofungua bandeji, nilikuwa nimesimama mbele ya kitanda nimekunja mikono kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Fundi akapepesa jicho, machozi yakamtoka, akanikazia macho kwa muda.

"Mwalimu," akasema, "umezeeka."

"Na wewe tafuta kioo," nikamwambia.

Muuguzi aligeukia dirishani ili asicheke mbele ya mgonjwa. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, sikujua kipi kimeanza.

Tulirudi nyumbani mvua za mwisho zikiwa zimekatika. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa chini, karibu na maji. Ziwa lilipopanda likaingia hadi jikoni, tukahamia huku juu, ng'ambo ya barabara iendayo Nyanza-Lac. Mlango wa mbele unatazama ziwa. Wa nyuma unatazama michikichi na milima. Jioni ya kwanza, Fundi akiwa na kifuniko cha plastiki alichovikwa hospitali juu ya jicho, aliniomba nimtoe nje kwa mlango wa nyuma. Akakiinua kifuniko kidogo tu, nikamkaripia kwa sababu daktari alikataza. Hakunisikia. Alisimama ameegemea ukuta, uso juu, mdomo wazi.

"Kumbe hazikupungua," akasema.

Nilimwacha. Nilirudi ndani kusonga ugali, na nilipotoka tena alikuwa bado pale pale.

Basi ikawa desturi yake. Kila jua likizama anatoka nyuma ya nyumba na kigoda chake. Nilimweleza jambo hilo binti yetu, anayesoma fizikia inivasite huko Bujumbura, nikidhani nampa habari ya kuchekesha. Siku mbili hazikupita akatuma ujumbe wa sauti kwa simu yangu, lakini alikuwa anazungumza na baba yake.

"Papa," ilisema ile sauti, "daktari amekupa jicho jipya, usilitumie kwa kuangalia mipira peke yake. Kuna jiwe linaitwa Vesta. Si nyota, wala si sayari. Ni jiwe kubwa sana linalozunguka jua katikati ya Mirihi na Mshtarii, pamoja na mawe mengine mengi yasiyohesabika. Wanayaita asteroidi. Mengi hayaonekani kabisa, lakini hili ndilo linalong'aa kuliko yote, na mwezi huu Dunia yetu iko karibu nalo. Mkipata jumeli, ile darubini ya macho mawili, mtaliona. Mimi hapa mjini taa ni nyingi, nimejaribu nimeshindwa. Nyinyi mna giza la kutosha."

Fundi aliniomba nirudie ule ujumbe. Nikaurudia. Akaomba tena.

"Iko libwe kule juu," akasema mwishowe, "na haianguki?"

"Mwezi nao ni jiwe. Mbona hauanguki?"

"Mwezi nimeuzoea."

Ujumbe wa pili ulieleza namna ya kulijua. Kwa macho jiwe hilo ni nukta kama nyota nyingine. Tofauti ni moja tu, kwamba nyota hukaa mahali pake kati ya wenzake mwaka hadi mwaka, lakini jiwe linahama. "Chagueni nukta," alisema, "muitazame jioni kadhaa. Ikihama, ndiyo yenyewe. Isipohama, mmekosea, mchague nyingine." Kisha akatuma picha ya ramani ya mbingu, yenye vitone vyeupe na mshale mdogo mwekundu.

Sasa jumeli tuipate wapi? Nilimjua mtu mmoja tu mwenye nayo. Ni mama mmoja mjane, mwenye maboti ya kuvulia, ambaye nyumba yake ina baraza linalotazama ziwa. Kila alfajiri hukaa pale na jumeli yake, akiyaangalia maboti yake yanavyorudi, ajue lipi limezama kwa uzito na lipi linaelea kama ganda. Nilimkuta anapepeta ndagala, dagaa wa ziwa letu.

"Amahoro, mama."

"Amahoro, Mwalimu. Karibu. Jicho ya Fundi iko namna gani?"

"Linaona. Ndilo lililonileta. Nimekuja kuazima jumeli, kwa jioni tu."

"Usiku? Ya kuangalia nini?"

"Nyota."

Akaacha kupepeta. "Nyota si zinaonekana bila jumeli?"

"Hii moja haionekani."

"Sasa mumejuaje kama iko?"

Nikasema ni mtoto wetu wa inivasite aliyetuambia. Hapo uso wake ukabadilika. Wanawe wote wawili aliwasomesha kwa ndagala, na kwake neno la inivasite halipingwi.

"Ego. Kama ni mambo ya masomo, chukua. Lakini alfajiri, mbele maboti hayajarudi, naitaka hapa. Bila hiyo jumeli mimi sijui nani ameleta samaki na nani ameuza yangu kule Gitaza."

Nikamshukuru, nikaondoka nayo chini ya kitenge kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Jioni ya kwanza haikutupa kitu. Jumeli ni nzito kuliko nilivyodhani, na mikono ya mtu hutetemeka hata asipojijua. Nyota zilirukaruka kama ndagala kwenye beseni. Fundi akajaribu kwa jicho lake moja, akalalamika kwamba moyo wake unapiga mpaka mbinguni. Tukacheka, tukaingia ndani.

Kesho yake nilitoka shuleni nikamkuta uani, ameketi mbele ya kipande cha ubao kilichobaki kutoka boti la zamani. Penseli iko sikioni. Msumeno uko miguuni, haujaguswa. Alikuwa ameinama akiutazama ubao bila kusogea, nikadhani jicho linamuuma.

"Umekwama?" nikamuuliza.

"Hapana. Niko naangalia mustari."

"Mstari gani?"

"Wa penseli. Niko nauona mpaka mwisho."

Nikasogea. Kweli, alikuwa amechora mstari mmoja mwembamba kutoka ncha hadi ncha ya ubao, umenyooka. Nikaketi karibu naye, nilikuwa sijavua hata viatu vya kazini. Baada ya kitambo akachukua msumeno.

Alitengeneza kiegemeo chenye miguu mitatu na kichwa kilichogawanyika kama panda ya manati. Jumeli ililala juu ya panda hiyo, ikafungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu aache, na alipoimaliza aliipiga randa hata sehemu zisizoonekana. Jioni ile nyota zikatulia.

Tukawa na kifaa, sasa tukakosa akili. Tulifuata ramani ya simu, tukatafuta nyota moja angavu nyeupe ambayo ramani iliiita Spika.

"Spika ya bunge?" akauliza Fundi.

"Ndiyo jina lake huko."

"Basi ataongea."

Kutoka hapo tulitafuta kona iliyoonyeshwa na mshale, tukachagua nukta yetu, tukaikazania. Jioni iliyofuata ipo pale pale. Ya tatu, pale pale. Fundi alianza kuitetea, akisema labda inahama kidogo kidogo, kama mtu anayetoka kanisani mahubiri hayajaisha. Mimi nilijua haihami. Nilimpigia binti yetu, naye akauliza maswali mengi, mwishowe akauliza, "Mama, ukiangalia mlimani, kaskazini kuko upande gani?"

"Kushoto kwangu."

"Na kwenye ramani?"

Kwenye ramani kaskazini kulikuwa juu. Mimi mwenyewe huwafundisha watoto wa darasa la nne jambo hilo kila mwaka, kwamba kabla hujaisoma ramani uigeuze ilingane na mahali ulipo. Nilikuwa nimetafuta jiwe la watu kwa ramani iliyolala upande.

Nikageuza simu. Picha nayo ikajigeuza, ikasimama wima tena. Nikaigeuza upande mwingine, ikanifuata. Fundi alinitazama nikizunguka na simu mkononi kama mtu anayetafuta mtandao, akasema, "Hiyo kitu haitaki." Nikaenda kuchukua chaki kwenye mkoba wangu wa shule, nikainamisha kichwa begani ili niione ramani kama inavyotakiwa, nikainakili kwenye mlango wa nyuma. Mlango ule ni wa mbao nyeusi zilizopakwa lami ya maboti. Ilitoka mbingu safi kuliko ile ya simu. Spika juu, nyota mbili za kundi liitwalo Mizani chini karibu na mlima, na katikati yake nyota ndogo nne zilizokaa kama miguu ya kitanda kilichovunjika. Mshale wa ramani nikausahau kuuchora, kwa kuwa shingo ilikuwa inaniuma.

Kusahau kwangu kukawa bahati. Usiku ulipoingia Fundi akaweka jicho kwenye jumeli, akageuka kuutazama mlango kwa tochi, akarudi kwenye jumeli. Akafanya hivyo mara kadhaa.

"Mwalimu, hapa mulangoni umetia ngapi?"

"Nne."

"Kule juu iko moja inazidi."

Nikamsogeza nikachungulia. Mimi macho yangu nayo si ya msichana. Niliona vitone, sikuweza kuapa kama ni vinne au vitano. Nikamwambia labda nimesahau kimoja. Nikafungua simu, nikaangalia ramani tena. Nyota zilikuwa nne, na pembeni yao ule mshale mwekundu, ukielekeza mahali ambapo kwenye mlango palikuwa patupu.

"Weka alama ulipoiona," nikamwambia, nikampa chaki.

Alisimama mbele ya mlango muda mrefu kabla hajagusa. Kisha akaweka kitone kimoja, kidogo sana, kama anaogopa kuuumiza ubao.

Jioni mbili zilizofuata mawingu yalishuka kutoka milimani yakatanda. Sijawahi kumwona mume wangu akikasirikia mawingu namna ile. Mtu aliyeishi maisha yake yote kando ya ziwa hazozani na hali ya hewa, lakini yeye alitoka, akarudi, akatoka tena, akakaa kwenye kigoda na jumeli mapajani. Nilimpelekea chai. Akaniuliza jiwe lenyewe lina ukubwa gani. Nikamwambia nilichoambiwa, kwamba ukilipima kutoka upande hadi upande, ni refu kuliko Burundi mara mbili hivi, lakini ukililaza juu ya Ziwa Tanganyika halifiki mwisho.

"Ziwa inalishinda?"

"Kwa urefu, ndiyo."

Hilo lilimpendeza sana. Alilirudia siku zilizofuata kwa kila mtu aliyekuja kuchungulia mlango wetu.

Jioni ya tatu mbingu ikafunguka. Niliacha sufuria ya chai motoni nikatoka naye. Safari hii aliniambia nitazame mimi kwanza. Nikatazama. Nyota nne za kitanda kile zilikuwa mahali pake, na ile ya tano nikaiona, nikaiona vizuri, kwa sababu ilikuwa imejitenga na wenzake. Haikuwa pale Fundi alipoweka kitone. Ilikuwa imepanda juu zaidi, upande wa Spika, umbali ambao mwezi mpevu ungepita katikati. Nikampisha aone mwenyewe.

Alikaa kwenye jumeli mpaka nikasikia chai inamwagika jikoni. Aliposimama alienda moja kwa moja mlangoni akaweka kitone cha pili, juu kidogo ya kile cha kwanza, halafu akachora mstari wa kuviunganisha, ule mstari wake wa fundi, usio na kona. Akapangusa mikono kwenye suruali.

"Imetembea," akasema.

"Imetembea."

"Na mimi ndiye nimeiona."

"Ni wewe."

Akaketi. Alianza kuimba chini chini wimbo wa kanisani kwa Kibembe, ule ambao mama yake aliupenda, na mimi sijui maneno yake lakini sauti yake naijua. Nilimpigia binti yetu ili asikie. Alisikiliza bila kukatiza, kisha akasema kwamba mwanga tuliouona ulitoka kwenye jua, ukagonga jiwe, ukarudi mpaka kwetu, na kwamba kutoka kule kuja hapa ulitumia muda kama wa mtu kula sahani ya ugali bila haraka. Fundi akasema basi umefika ukiwa umeshiba.

Habari ilienea kama zinavyoenea habari za hapa. Wanafunzi wangu waliniuliza kama jiwe litaanguka Rumonge. Jirani mmoja alitaka kujua limeandikwa wapi kwenye Biblia. Na jioni moja mama mwenye maboti alikuja mwenyewe, amejifunga kitenge kipya, akiongozwa na tochi ya simu. Ilikuwa giza la mwezi, wakati ambao wavuvi wote wako majini na taa zao na yeye huwa hana nafasi hata ya kusuka nywele. Alisema amekuja kuona jumeli yake inafanya kazi gani.

Fundi akamweka kwenye kigoda, akamwonyesha namna ya kusogeza jicho bila kugusa kiegemeo. Alikuwa mwanamke wa haraka, nikadhani atachungulia na kuondoka. Hakuondoka. Alituuliza nyota ipi, Fundi akamwelekeza kwa subira, "Toka kwa ile kubwa, shuka kidogo, sasa kushoto." Baadaye akasema ameiona, na akaendelea kuiangalia.

"Inatafuta nini huko?" akauliza.

"Haitafuti kitu," nikasema. "Inazunguka tu."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Pembeni yake hakuna mtu." Hakuwa anauliza. Alikaa kidogo tena, kisha akasimama akarekebisha kitenge. "Murakoze. Mumenitoa nyumbani. Tangu mzee wangu afe sijatoka usiku kwa ajili ya kuangalia kitu kizuri." Akamgeukia Fundi. "Hii kiegemeo ni wewe umetengeneza?"

"Ni mimi."

"Boti yangu kubwa inaingiza maji mbele. Vijana wameiziba, inaingiza tena. Njoo uiangalie kesho."

Alienda kesho yake. Alirudi jioni ananuka lami na pamba ya kuzibia nyufa, ameridhika, akala sahani mbili. Jumeli tukaambiwa tukae nayo mpaka jiwe lipite, tukakubaliana tu iwe barazani kwake kabla ya maboti kurudi.

Wiki zilivyosonga vitone vikaongezeka mlangoni, halafu vikaanza kukaribiana mno. Fundi akadhani jicho linarudi nyuma. Siku moja jiwe halikuhama kabisa, na siku chache baadaye likaanza kurudi lilikotoka. Alinitazama kana kwamba nimemficha jambo. Nikamkumbusha jinsi anavyokuwa kwenye boti lenye injini likilipita boti la makasia. Ukilikaribia na kulipita, lile la makasia unaliona linarudi nyuma mbele ya milima, ingawa watu wake wanapiga kasia kwenda mbele kama wewe. Ukiisha kwenda mbali, unaliona linakwenda mbele kama kawaida. Dunia ndiyo boti la injini, nikasema, na kule kupanda kuelekea Spika ndiko kulikuwa kurudi nyuma kwa jiwe, sasa ndipo linakwenda mbele.

Akafikiri. "Kwa hiyo sisi ndio tumelipita."

"Ndiyo."

"Na wao wanatuona?"

Nikamwambia hakuna mtu kule. Akasema yeye haulizi kama wako, anauliza kama wangekuwako. Nikasema basi wangetuona.

Binti yetu alikuja kwa vakansi ya masomo, amepanda pikipiki, maana mabasi yalikuwa machache na foleni ya mafuta ndefu. Alikuwa amekonda, na baba yake alimtazama usoni kwa muda mrefu, upande huu na upande ule, mpaka akaona haya. Alikuwa hajamwona vizuri tangu akiwa msichana wa sekondari. "Unafanana na mama yangu," akamwambia. "Hakuna mtu aliyeniambia."

Jioni tulitandika mkeka. Kwa wakati huo jiwe lilikuwa limefika juu kabisa ya vichwa vyetu jua linapozama, kiegemeo hakikufaa tena, ikabidi mtu alale chali na kushika jumeli kwa viwiko vilivyokazwa mbavuni. Lilikuwa limefifia pia. Binti yetu alilala katikati yetu kama zamani, tukiwa bado nyumba ya chini.

"Umeiona?" baba yake akauliza.

"Bado, Papa."

"Toka kwa Spika. Usikimbie. Shuka upande wa mulima, iko nyota mbili zimekaa pamoja. Acha hizo. Endelea."

"Naona nyingi."

"Ile ambayo haikai sawa na wenzake."

Jumeli ikatulia mikononi mwake.

"Nimeiona," akasema taratibu. "Miaka yote nasoma habari zake, sijawahi kuiona."

Fundi alinyoosha mkono juu ya mkeka, akanitafuta bega, akalipata.

Mwezi wa nane moshi wa mashamba yanayochomwa ulifunika mbingu, na ilipofunguka tena jiwe lilikuwa dogo mno kwa jumeli ile. Nikairudisha kwa mwenyewe, pamoja na debe la mawese la shukrani, akakataa mawese, tukabishana mlangoni, akapokea nusu. Jicho la kushoto wamelipasua na lenyewe limepona. Fundi ana maboti mawili yanayomsubiri, na asubuhi anaondoka kabla yangu.

Kitu kimoja tu hakikurudi kama kilivyokuwa. Zamani tulikula ndani, meza iko karibu na dirisha. Siku hizi hakuna anayeleta chakula mezani. Nikipakua, Fundi anabeba sahani, mimi nabeba maji ya kunawa, tunatoka kwa mlango wa nyuma. Juzi jirani alipita kwenye njia ya michikichi akatukuta tumekaa gizani na sahani mapajani, akauliza kwa huruma, "Kwenu umeme umekatika?"

"Hapana," Fundi akamjibu. "Tuko nakula tu. Karibu."

Naye akakaribia.